Misimu Mitatu Bila Wahunzi

Baba yangu, Kazimierz Kubiak, alimimina chuma kwa miaka thelathini na minne katika kiwanda kilichokuwa kando ya ziwa, hapa Port Averill, na katika miaka yote hiyo alikuwa na anasa moja tu: kuwatazama Wahunzi. Wahunzi ni timu yetu ya besiboli. Walipewa jina hilo wakati mji bado una moshi. Kiwanda kikafungwa, moshi ukaisha, timu ikabaki.

Kila majira ya joto Baba aliigeuza televisheni ikatazama nje kupitia dirisha la sebuleni, akapanga viti barazani, na majirani wakaja. Hakuna aliyealikwa, na hakuna aliyehitaji kualikwa. Leroy Gaines, fundi mstaafu wa mabasi aliyekaa nyumba ya pili, alikuja na kiti chake mwenyewe kwa sababu alidai viti vya Baba vilitengenezwa na mtu asiye na makalio. Bi Halina Sobczyk, mjane wa ng'ambo ya barabara, alileta bakuli la pierogi, vile vitobosha vya Kipolandi vilivyojazwa viazi, na sindano zake za kufuma, akawa anamtukana mwamuzi kwa Kipolandi bila kuinua macho kutoka kwenye sufu. Msimu una michezo mia moja sitini na miwili, na Chaneli Tisa iliirusha karibu yote, bure, kwa antena tu. Miezi sita ya mwaka baraza letu halikuwa na jioni ya upweke.

Mimi ni binti yake wa pekee, Rosalind. Niliingia ofisi za Wahunzi nikiwa karani wa hesabu mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Nilipofika arobaini na nne nikawa mkurugenzi wa fedha. Baba hakuelewa sawasawa kazi yangu, lakini aliitangaza mtaa mzima.

"Mnamwona yule mdakaji?" aliwaambia wenzake, akimwonyesha Eusebio Lantigua, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuidaka mipira. "Hawezi kununua hata soksi mpaka binti yangu aweke sahihi."

"Basi mwambie aache kuweka," Leroy alijibu. "Tangu Aprili hajapiga mpira ukafika popote. Soksi za nini?"

Tulimaliza mkiani. Mwaka uliofuata tukamaliza mkiani tena. Mishahara ilikuwa mizito, wachezaji wazee, na benki ilikuwa inatudai fedha za ukarabati wa uwanja. Mkataba wetu na Chaneli Tisa nao ulikuwa unakwisha. Ndipo mwezi wa Oktoba mmiliki wa timu, Bwana Prentiss Oakley, akatuita watu wawili ofisini kwake: mimi na meneja mkuu, Dale Whitcomb.

Whitcomb alizungumza kwanza. Alisema timu isukwe upya. Wakongwe waondoke, tuchukue vijana, tuwafunze, tuvumilie kipigo miaka mitatu au minne. Bwana Oakley alikubali bila shida. Alikuwa amechoka kulipa fedha nyingi ili ashindwe. Kisha akaniletea karatasi mbili za haki za matangazo. Chaneli Tisa walitaka kuendelea kwa dola milioni ishirini na nne kwa mwaka. Chaneli mpya ya kulipia, Maziwa Spoti, ilitoa milioni hamsini na mbili.

"Hii mpya ni zaidi ya mara mbili," alisema Bwana Oakley. "Lakini itapita kwenye kebo na madishi ya kulipia tu, Roz. Marehemu mama yangu ndiye aliyeniachia timu hii, na alikuwa akisema timu ni ya yule asiye na tiketi."

Alikuwa anasita. Nataka hilo lijulikane. Mtu mwenye mali alikuwa anasita, na aliyemsukuma ni mimi.

"Bwana Oakley," nilisema, "tunakwenda kupigwa mara mia kwa mwaka, miaka mitatu mfululizo. Nani atatazama? Timu mbovu haina watazamaji wa kupoteza. Kama kuna wakati wa kufunga mlango wa jikoni, ni huu. Chakula kikiiva tutaufungua."

Whitcomb alicheka na kupiga meza. "Timu mbovu haina watazamaji wa kupoteza! Hiyo andika, Roz."

Bwana Oakley hakucheka. Akavuta kalamu, akasaini karatasi ya Maziwa Spoti. Nami nilipokuwa naendesha gari kurudi nyumbani niliirudia sentensi ile peke yangu kwa sauti, kwa jinsi ilivyonipendeza.

Msije mkadhani niliisahau antena ya Baba. Niliikumbuka palepale mezani. Nilijiambia kwamba kampuni za kebo zitaichukua chaneli, nitamlipia Baba kifurushi, yaishe.

Mwezi wa Desemba tukamwondoa Lantigua. Mshahara wake ulikuwa milioni kumi na tisa, na timu moja ya pwani ya magharibi ilikuwa tayari kutupa vijana watatu badala yake. Alikuwa amekaa nasi miaka kumi na moja. Watoto wake walizaliwa hapa, na kila Ijumaa ya Kwaresima alipanga foleni ya samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa parokia yetu kama mtu mwingine yeyote. Alikuja ofisini kwangu kusaini karatasi za mwisho, amevaa koti zito, magoti yake yanalia kila akikaa.

"Dada Roz, nyumba yangu sijaiuza," alisema. "Mke wangu hataki kuondoka. Anasema huko hamjui mtu."

"Atazoea."

"Watu huzoea," alisema. Akasaini. Alipofika mlangoni akageuka. "Hao vijana watatu ni wazuri?"

"Whitcomb anasema ni wazuri sana."

"Basi waonyesheni watu mapema. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa hovyo, hovyo kabisa. Watu walinizomea, lakini walikuwa wananiona. Mwaka wa tatu walijua hata nikikohoa nina maana gani."

Nilimwambia tutawaonyesha. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa anaondoka.

Aprili ikafika. Maziwa Spoti ilidai dola tano kwa mwezi kwa kila nyumba. Kampuni ya kebo iliyoshika theluthi mbili ya mji wetu ikasema haitoi hata tatu kwa timu ya mkiani. Kila upande ukakaza. Mchezo wa kwanza ukachezwa, kisha wa kumi, kisha wa thelathini. Wenye antena hawakuona kitu, na wenye kebo nao hawakuona kitu. Sisi ofisini hatukuumia, kwa kuwa chaneli ilikuwa inatulipa tuonekane tusionekane.

Jumapili moja ya Mei nilikwenda kwa Baba mchana. Televisheni ilikuwa imegeuzwa nje kama kawaida. Leroy na Bi Halina walikuwepo. Walikuwa wanatazama kipindi cha mtu anayekarabati bafu.

"Karibu, mkurugenzi," alisema Leroy. "Keti. Tuko raundi ya sita. Vigae vinaongoza."

"Leroy," Baba alionya.

"Namkaribisha mtoto! Roz, mwanangu, nieleze mimi mtu wa spana. Siku hizi mtu akitaka kuwaona Wahunzi anakwenda wapi? Kwa mpiga ramli?"

"Ni mazungumzo, Mzee Leroy. Kampuni ya kebo ndiyo inayokataa. Yatakwisha."

"Mazungumzo," alisema Bi Halina, sindano zikienda. "Marehemu mume wangu alizungumza na daktari wa meno miaka minane. Alizikwa na jino lile lile."

Nilicheka nao. Kisha nikamwambia Baba kwamba nimeulizia dishi. Mafundi wangekuja Jumanne, wangelifunga juu ya paa, na Maziwa Spoti ingeonekana safi kabisa.  Baba aliokota kipande cha rangi kilichobanduka kwenye mkono wa kiti.

"Utalipa wewe?" akauliza.

"Nitalipa mimi."

"Na sheria ya hilo dishi inasemaje? Naruhusiwa kuligeuzia mtaa?"

"Baba, ni lako, fanya utakavyo."

"Na wale wa mtaa wa Kosciuszko? Na ukumbi wa parokia? Na kinyozi?" Alitikisa kichwa. "Hapana. Sitaki mchezo wa kupendelewa. Utakaporudi kwa watu wote nitautazama."

Leroy alifungua mdomo, na Baba akamwahi. "Na wewe usimsumbue binti yangu. Yeye ni mwajiriwa kama tulivyokuwa sisi. Walioamua ni wenye pesa. Kama ingekuwa hiari yake, unadhani angetufanyia hivi?"

Leroy na Bi Halina walinitazama. Nilisema nasikia birika linachemka, nikaingia ndani. Jikoni hapakuwa na birika lolote motoni.

Msimu ule tulipigwa mara mia moja na nne, na wa pili mara tisini na tisa. Fedha zilikuja. Nusu ilikwenda benki kwa ajili ya uwanja, na iliyobaki ilikwenda kwa vijana: walimu, matabibu wa misuli, kambi mpya ya mazoezi kule Jamhuri ya Dominika. Sitasema mpango ulikuwa wa kijinga, kwa maana haukuwa. Mrushaji wetu mdogo, Wendell Achterberg, alikuwa akirusha mpira usioonekana kwa macho. Mdakaji aliyekuja badala ya Lantigua, kijana wa kisiwa cha Curaçao aitwaye Jurickson Martha, alicheza huku akicheka kama mtoto kwenye mvua. Niliwaona wote wakikua, kwa kuwa nilikuwa na kiti uwanjani. Viti vya pembeni yangu vilikuwa vitupu.

Nyumbani kwa Baba mambo yalibadilika polepole, kiasi kwamba hukuweza kusema ni lini. Mwaka wa pili kiti cha Leroy hakikuwepo barazani. Nilipouliza, Baba alisema ana shughuli. Mwaka wa tatu Leroy aliuza nyumba, akahamia jimbo la Georgia kwa binti yake. Bi Halina akawa analea mjukuu. Baba aliirudisha televisheni ukutani, viti akavishusha stoo ya chini. Siku za michezo akawa anakwenda ukumbi wa parokia kucheza karata.

Kisha Maziwa Spoti ikaanguka. Watu nchi nzima walikuwa wanaacha kulipia kebo, na chaneli iliyoishi kwa kebo ikakosa pumzi. Mwanzoni walichelewesha malipo mwezi mmoja, kisha miwili, kisha wakaenda mahakamani kutangaza wamefilisika. Tulirudi kwa Chaneli Tisa tukiwa tumeshika kofia mkononi. Zamani walitupa milioni ishirini na nne. Safari hii walitupa kumi na moja, na yule mama aliyetuandikia mkataba hata hakutucheka. Alinionyesha tu takwimu zake. "Watu wenu wamezoea vitu vingine," alisema. "Sina ubaya na nyinyi. Siwezi kununua watazamaji wasiopo."

Hata hivyo nilifurahi. Nilitaka kumpelekea Baba habari hiyo mimi mwenyewe. Siku ya mchezo wa kwanza wa msimu, mchezo wa mchana, niliomba ruhusa, nikafika kwake saa sita na mfuko wa soseji. Nilipandisha viti viwili kutoka stoo, nikavifuta vumbi. Nikaigeuza televisheni dirishani.

"Wahunzi, Baba. Chaneli Tisa. Bure, kwa kila mtu."

"Ehe," alisema. "Umefanya vizuri." Akaketi. Alikuwa amevaa shati la kwendea parokia, na nilijua kuna watu walikuwa wanamsubiri kwenye karata.

Achterberg alikuwa moto siku hiyo. Aliwatoa watu watatu wa kwanza kwa mipira kumi na miwili. Nilipiga makofi peke yangu. Baba alisogeza kiti mbele, akakunja uso.

"Huyu nani?"

Nikamwambia.

"Na yule pale kushoto?"

Nikamwambia. Akauliza wa tatu, akauliza wa nne. Nilimtajia majina, miji wanakotoka, mishahara yao mpaka senti. Aliitikia kwa adabu, kama unavyoitikia unapotambulishwa kwa wakwe kwenye harusi ya mtu usiyemjua sana. Kufikia raundi ya tano aliacha kuuliza. Tulikuwa tunaongoza saba kwa moja. Aliinuka, akachukua kopo, akaenda kumwagilia miche yake ya nyanya.

"Baba, hutazami? Wanashinda!"

"Naona wanashinda. Vijana wazuri." Maji yalikuwa yanamwagika nje ya chungu na hakuona. "Ila siwajui, Roz. Lantigua nilimjua. Nilimwona akiwa mbovu, nikamwona akijifunza, nikamwona akizeeka. Hawa nimeletewa wameshakuwa watu wazima."

"Utawajua. Msimu ni mrefu."

"Nina miaka themanini na moja. Sasa hivi nikikosa karata mara mbili wananipigia simu kuniuliza kama naumwa. Wahunzi wakinikosa hawajui." Hakusema kwa ubaya. Aliweka kopo chini. "Si kosa lako. Nilimwambia hivyo Leroy hadi mwisho."

"Ulimwambia nini?"

"Ah, mambo ya zamani."

"Baba, ulimwambia nini?"

Akaketi kwenye ngazi ya baraza, akaninyima uso. Msimu ule wa pili, alisema, Leroy alisoma gazetini kwamba mkurugenzi wa fedha ndiye aliyeuongoza mkataba. Akaja na gazeti. Baba akamwambia magazeti yanadanganya. Leroy akamwambia, Kaz, mtoto wako ametuuza, kubali tu, mimi sitamchukia. Baba akasimama na kumwambia atoke barazani kwake na achukue na kiti chake. Walikuwa wamekaa pamoja miaka ishirini na saba. Siku lori la kuhamisha mizigo lilipokuja, Baba alikuwa nyuma ya pazia, na hakutoka.

Televisheni ilikuwa inapiga kelele za ushindi nyuma yetu. Nikaenda nikaizima. Nikaketi naye kwenye ngazi, nikamwambia yote: Bwana Oakley alivyosita, maneno ya marehemu mama yake, na sentensi yangu neno kwa neno. Ilikuwa ngumu kuitamka. Niliwahi kuipenda.

Baba aliirudia kimyakimya, midomo yake ikicheza.

"Haina watazamaji wa kupoteza," alisema. "Na sisi tulikuwa nani?"

Akavionyesha kwa kidole vile viti viwili nilivyopandisha.

"Mimi na Leroy na Halina. Tuliwatazama wakipigwa miaka ishirini na saba, Roz. Wameshinda lini hao? Tulikuwa tunakuja kwa ajili ya kushinda?"

"Nilijua, Baba. Nilijua, na nikasema."

"Nilikuwa nakutetea."

"Najua."

"Nilimfukuza mtu."

Nilidhani atanipigia kelele. Baba yangu alikuwa na sauti ya kiwandani, sauti ya kushindana na tanuri. Lakini alikaa tu, mikono juu ya magoti, akitazama nyumba ya pili. Familia mpya imeipaka rangi ya manjano. Baadaye akaniambia nimtafutie namba ya Georgia, kwa Bi Halina nitaipata. Nikavuka barabara. Bi Halina alinipa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi ya Krismasi, na kwa mara ya kwanza maishani hakuniambia neno lolote la utani.

Baba alipiga simu akiwa amesimama jikoni. Mimi nilibaki mlangoni.

"Leroy? Ni Kaz... Kaz wa wapi? Kaz wa Port Averill, mjinga wewe." Akasikiliza. "Sina mgonjwa. Hapana, hajafa mtu. Nimepiga kukuambia kwamba lile gazeti lilikuwa la kweli." Niliona shingo ya Baba ikiwa nyekundu. "Yeye mwenyewe. Leo hii. Ndiyo... Ulijua. Najua ulijua. Sikukupigia uniambie ulijua."

Walizungumza karibu nusu saa: kisukari cha Leroy, joto la Georgia, bei ya nyumba. Sikumsikia Baba akisema rudi, na nyumba ya kurudia haikuwepo. Mwishoni Baba alinigeukia, mkono juu ya simu. "Anauliza kama unataka kuzungumza naye."

Nilitikisa kichwa. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nane, nimeshakabili mawakili wa benki na majaji wa ufilisi, na sikuweza kushika simu ile.

"Amekwenda chooni," Baba alimwambia Leroy. Kisha akanitazama na kuona aibu ya kusema uongo kwa ajili yangu tena. "Hapana. Yuko hapa. Hawezi."

Mwaka ule Wahunzi walishinda michezo tisini na mmoja na kufika hatua ya mtoano, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Uwanja haukujaa. Magazeti ya nje yaliushangaa mji wetu, yakaandika kwamba tumepoteza mapenzi. Whitcomb alipewa tuzo. Mimi nilipewa nyongeza ya mwisho wa mwaka, na mwezi wa Januari nikaandika barua ya kuacha kazi. Bwana Oakley aliisoma mara mbili. Aliniuliza ninakwenda timu gani. Nilimwambia ninakwenda idara ya maji ya wilaya, kufanya hesabu za mabomba, na hakuniuliza zaidi.

Leroy alifariki Machi iliyofuata. Baba alisafiri kwa basi saa kumi na sita kwenda kumzika, na hakutaka nimpeleke. Alisema ile ni safari yake.